Visu Vitatu kwa Mbuzi Mmoja

Ninyi wenzangu wa chumba cha kufuma mmeniuliza hadi nimechoka kujibu kwa kupiga kelele juu ya mashine: ilikuwaje niliondoka Kalemie na visu vitatu nikarudi sina hata kimoja? Mmoja wenu ameshaeneza kwamba askari walininyang'anya. Mwingine anasema nilivibadilisha kwa pombe ya lutuku, na huyo namjua, kwa sababu yeye mwenyewe ndivyo angefanya. Basi Jumapili hii nimekaa mlangoni, Mama Feza amenipa daftari la shule lenye kurasa zilizobaki, na ninaandika yote. Mkishasoma mniache nifanye kazi.

Nyumbani, kabla ya safari

Baba yetu alikuwa mwindaji wa upande wa Nyunzu. Alipokufa aliacha baiskeli, bunduki ya zamani isiyolia, na kisu. Kisu hicho mpini wake ni wa mti mwekundu, umezungushiwa waya wa shaba, na bapa lake limenolewa miaka mingi hadi limekonda kama jani la mhindi. Kilikuwa haki ya kaka yangu mkubwa, Yaya Kasongo. Hakuna aliyebisha, mimi wa kwanza.

Siku niliyotoka matangani kurudi Kalemie, Yaya alinisindikiza hadi kituo cha Nyunzu. Treni ikapiga honi wakati kamba ya mzigo wangu imenasa kwenye mkokoteni. Yaya akachomoa kisu cha Baba na kunipa. Mkononi. Nami nikanyoosha mkono nikakipokea, nikakata kamba, nikarukia treni iliyokuwa inaondoka, na kisu nikabaki nacho.

Sasa ninyi mnajua kwetu kisu hakipokezwi mkono kwa mkono. Unakiweka chini, unaondoa mkono, mwenzako anakiokota mwenyewe. Mkikipokezana, ugomvi unaingia kati yenu. Mnamkumbuka yule msimamizi mgeni alivyokasirika siku zake za kwanza, kukuta mikasi sakafuni kila mahali? Alidhani sisi ni watu wachafu.

Basi ugomvi uliingia. Yaya aliwaambia watu wa kijijini kwamba nimeiba kisu. Habari ikanifikia huku, nikaumia, nikajibu kwamba kama anakitaka aje akichukue. Hakuja. Miaka sita hatukusemezana, na Baba alituzaa wawili tu.

Mwezi uliopita mama mmoja muuza karanga aliteremka kwenye treni, akaja moja kwa moja nyumbani kwangu, hata maji hakunywa kwanza.

"Papa Ngoy," akasema, "Papa Kasongo amenituma. Anasema: mutoto wangu Kyabu anaolewa, mbuzi itakatwa Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Kisu ya baba ikuye na mudogo yangu. Kama haikuye, nitagawanya na panga, na fungu yake haitakuwa."

Mama Feza aliacha kupepeta unga. Katika ukoo wetu, mbuzi wa ndoa ya binti wa kwanza hugawanywa kwa kisu cha babu yake, na paja la mbele ni la baba mdogo. Asiyepewa fungu siku ile si mtu wa nyumba ile tena, wala watoto wake. Nikawatazama wanangu, Feza na wadogo zake, wanacheza uani. Nilisema nitakwenda.

Tena niliapa jambo la kipumbavu: kisu cha Baba hakitakata hata kitunguu njiani. Kitarudi jinsi kilivyotoka. Nilikinoa, nikakipaka mafuta, nikakifunga kwenye ngozi ya swala na kukiweka chini kabisa ya mfuko. Kwa hiyo nilihitaji vyuma vingine vya njiani, na hapo ndipo mnaponicheka, kwa sababu nilivichagua kwa wiki tatu.

Panga nililijaribu sokoni moja baada ya jingine. Nilitaka lenye chuma kinachoingia hadi mwisho wa mpini na kushikwa kwa pini tatu, si lile ambalo chuma kimechomekwa kidogo tu, ambalo siku ya kazi linaruka na kumpiga wa nyuma. Cha pili kilikuwa kisu cha mikunjo nilichokipata kwa fundi mmoja wa bandarini: mabapa mawili, msumeno mdogo, mkasi, bisibisi, kikoleo, na chuma kimoja kilichojipinda kama mkia wa nguruwe, ambacho fundi wala mimi hatukujua kazi yake. Mama Feza alishikilia kwamba ni cha kutolea funza miguuni.

"Hicho kitatoa funza pamoja na kidole," nikamwambia.

"Unaenda kwa ndoa ao unaenda kwa vita?" akaniuliza, akinitazama nafunga panga mgongoni, mikunjo kiunoni na ngozi ya swala mfukoni. Hata hivyo alinifungia samaki wa ziwani kwa ajili ya Yaya, kilo mbili za ndagala kavu na migebuka minne ya moshi, akaingiza na chikwanga, mikate yangu ya muhogo ya njiani.

Kituoni Kalemie

Jumatano asubuhi, mlangoni mwa kituo, askari mmoja akanisimamisha. Alikuwa mnene, mpole, na hana haraka kabisa.

"Citoyen, weka mufuko hapa."

Nikauweka. Akatoa panga. Akatoa kisu cha mikunjo. Akafungua ngozi ya swala. Akavipanga vyote vitatu juu ya benchi kama mtu anayeuza.

"Muntu mumoja, visu vitatu. Unaenda kuchinja nani?"

"Mbuzi, shefu."

"Mbuzi ngapi?"

"Moja tu, shefu."

Watu nyuma yangu walicheka. Nikaanza kumweleza habari za Kyabu, za paja la mbele, za miaka sita, lakini yeye alikuwa ameshafungua kisu cha mikunjo na anavuta kila kitu kilichomo. Akafika kwenye mkasi. Uso wake ukabadilika. Akaketi, akavua kiatu kimoja, akaanza kukata kucha.

Treni ikapiga honi ya kwanza. Akamaliza mguu wa kushoto. Nikasema, "Shefu, treni." Akasema, "Hii treni ninaijua," akavua kiatu cha pili. Honi ya pili ilimkuta kwenye kidole gumba cha mwisho. Akapuliza mkasi, akaukunja, akauweka juu ya benchi kwa adabu ili niuokote, akanisaidia hata kufunga ngozi ya swala.

"Umusalimie bibi arusi," akasema. Basi, huyo ndiye askari aliyeninyang'anya visu, enyi waongo.

Kwenye treni, hadi mahali pa mti

Nilikaa na mama mmoja aliyekuwa na kuku wawili na sufuria ya sombe ya majani ya muhogo aliyoifunga kwa kitambaa. Alinipa sombe, nikampa mgebuka mmoja wa Yaya, nikajiambia kwamba mitatu inatosha. Hadi adhuhuri tulikwenda vizuri. Kisha treni ikapunguza mwendo, ikalia breki, ikasimama katikati ya msitu. Mti mzima ulikuwa umelala juu ya reli.

Wenye treni walikuwa na shoka moja, na mpini wake ulivunjika kwa pigo la tano. Mtu akauliza kwa sauti: nani ana panga? Mama wa kuku akanyoosha kidole kwangu kabla sijafungua kinywa. Nilishuka nikijisikia mkubwa, sitaficha. Wiki tatu mlizonicheka zilikuwa zinanilipa. Panga lilikata vizuri mno, na wanaume kama kumi walijipanga kupokezana.

Lakini wote walikuwa watu wa kwetu. Kila mmoja akichoka alilaza panga chini, akarudi nyuma hatua moja, akasubiri. Mwenzake akaja, akatema mate mikononi, akainama, akaliokota. Hakuna aliyethubutu kulipokea hewani. Mzungu mmoja aliyekuwa behewa la mbele alitutazama kwa saa nzima akitikisa kichwa. Kati ya pigo na pigo tuliinama kuliko waumini kanisani.

Tulilala mle mle ndani ya treni, na Alhamisi asubuhi tukaendelea kukata. Gogo la mwisho lilipovingirika bondeni, honi ikalia na watu wote wakakimbia. Nami nilikimbia. Treni ilikuwa imekwisha kushika mwendo nilipomuuliza jamaa aliyekuwa wa mwisho kukata:

"Papa, panga yangu iko wapi?"

"Niliiweka chini," akasema, "nilingoja uokote."

Tulitazamana. Sikuweza kumkasirikia, maana amefanya kama alivyofunzwa na mama yake. Panga langu la pini tatu liko pale hadi leo, kando ya reli, limelazwa vizuri kabisa, linamngoja mtu wa zamu.

Nyunzu, na mkia wa nguruwe

Tulifika Nyunzu Alhamisi alasiri, siku nzima imepotea. Kutoka pale hadi Kahongo, kijiji cha Yaya, ni mwendo wa siku mbili kwa miguu. Ningetembea tu ningefika Jumamosi jua likizama, nikute mifupa. Niliuliza lori, nikaambiwa lori la upande ule limekufa gia. Nililala kwa jamaa ya mama wa kuku, na Ijumaa alfajiri nikaenda misheni, nikiwa nimesikia kwamba Abbé, padri wa pale, ana Landrova na anakwenda kusoma misa upande ule.

Nilimkuta jikoni, shati limelowa jasho, anapigana na chupa. Pembeni mpishi wake ameshika msumari na nyundo.

"Hapana piga tena," Abbé alikuwa akimwambia, "utavunja! Ni divai ya misa, njo chupa ya mwisho."

Akanieleza kwamba safari ilikuwa iwe imeanza jana, ila kizibo kimekataa kutoka na chombo cha kukitolea kimepotea. Kusafiri na chupa isiyofunguka hadi kwa Wakristo wanaomngoja, alisema, ni aibu. Nikamwonea huruma. Nikatoa kisu cha mikunjo nione kama bapa dogo litasaidia, na katika kufungua, ule mkia wa nguruwe ukachomoza.

Abbé akapiga ukelele kama aliyeona malaika.

"Papa! Hii umeitoa wapi?"

"Ni ya kutolea funza," nikasema.

Alicheka hadi akaegemea ukuta. Alikizungusha chuma kile ndani ya kizibo, akavuta, chupa ikasema *po!* na mpishi akapiga makofi. Kumbe wale waliotengeneza kisu kile walifikiri mtu aliyepotea porini, kabla ya maji na moto, ataanza kwanza kutafuta divai. Tangu siku hiyo nimewaheshimu zaidi.

Nilipata kiti cha mbele kwenye Landrova, na kikombe cha kahawa yenye sukari. Alinishusha saa nne na nusu kwenye kivuko, yeye akashika njia ya kulia. Nilikuwa nimerudishiwa karibu siku nzima niliyopoteza kwenye mti.

Kivukoni

Pale nilimkuta Papa Mukalay. Ni mtu mfupi, msemaji, mchukuzi wa mawese: hubeba madumu kwenye baiskeli hadi Nyunzu na kurudi na chumvi na sabuni. Alikuwa anapita karibu na Kahongo, tukakubaliana kwenda pamoja, mimi nisukume baiskeli kwenye vilima na yeye azungumze. Alitimiza sehemu yake bila kuchoka.

Mwenye mtumbwi alitupakia wote wawili, baiskeli, chumvi na sabuni. Katikati ya mto upondo wake ulinasa kwenye kamba ya nyavu za mtu. Mtumbwi ukaanza kugeuka ubavu kwa mkondo, maji yakaingia, na chumvi ya Papa Mukalay ikiwa chini.

"Kisu! Leta kisu!" akapiga kelele mwenye mtumbwi, amenyoosha mkono nyuma.

Nilifungua haraka bapa kubwa la kisu cha mikunjo. Mkono wake uko mbele yangu, umefunguka, unangoja. Nami, jamani, nikafikiria kituo cha Nyunzu miaka sita iliyopita. Nikasema moyoni: la, si mara ya pili. Nikakiweka kisu taratibu kwenye ukingo wa mtumbwi ili akiokote.

Mtumbwi ukatikisika. Kisu kikateleza. Kilifanya sauti ndogo sana majini.

Mwenye mtumbwi akatazama maji, akanitazama mimi, akaing'ata kamba kwa meno kama panya hadi ikakatika.

"Ulifanya vizuri, Papa," akaniambia tulipofika ng'ambo, anatema nyuzi. "Ungenipatia mukononi tungegombana."

Papa Mukalay hakuwa na ustaarabu huo. Alicheka kutoka ukingoni hadi kilima cha tatu. Mabapa mawili, msumeno, mkasi, kikoleo, vyote vilikuwa kwa samaki, na samaki wale sasa wanaweza hata kufungua divai. Mimi nilibaki na kisu kimoja, kile nilichoapa kutokitumia. Jioni, kwenye kijiji tulicholala, nilimenya muhogo kwa kucha.

Karibu na Kahongo

Jumamosi tulianza mapema. Kulikuwa na ukungu na majani yenye umande, na njia ilishuka vizuri, nami nilikuwa nimejaa furaha. Nilihesabu kwamba tutafika kabla ya mbuzi kukatwa. Papa Mukalay akasema anakwenda haja ndogo, akaegemeza baiskeli, akaingia vichakani akiendelea na hadithi ya shemeji yake.

Hadithi ikakatika. Nikasikia *twaa!* na kelele ambayo sitaiandika kwenye daftari la mtoto.

Nilimkuta amelala chali, mguu mmoja juu. Ulikuwa mtego wa swala: mche umepindwa, umefungwa waya, naye ameukanyaga. Kitanzi kilikuwa kimemkaza juu ya kifundo cha mguu na mche unavuta. Ulikuwa waya wa chuma uliosukwa, hauna mchezo. Nilijaribu kuupinda mche kwa uzito wangu, ukanirusha. Nilijaribu kulegeza fundo kwa vidole, waya umeingia kwenye nyama.

Nikawaza panga kando ya reli, ambalo lingekata mche ule kwa mapigo mawili. Nikawaza kikoleo chini ya mto. Kisha nikawaza ngozi ya swala iliyoko mfukoni, na nikasimama. Nasema kweli mbele yenu, nilisimama. Kisu kile kilikuwa paja la mbele. Kilikuwa jina la wanangu kwa Yaya. Na bapa lake limekonda. Kama kuna kisu kisichofaa kuchokonolea chuma duniani, ni kile.

"Papa Ngoy, unawaza nini?" akalia Papa Mukalay. "Mguu yangu inakuwa nyeusi!"

Niliona haya kubwa. Nilifungua ngozi.

Mche ulikwisha upesi, kisu cha Baba kilikuwa kikali ajabu. Lakini mche ulipoanguka kitanzi hakikulegea, maana mtegaji alikuwa amekifunga kwa ustadi ili kisirudi nyuma. Nikaingiza ncha kwenye msokoto wa waya, nikageuza. Ukasogea kidogo. Nikageuza tena. Mara ya tatu msokoto ukafunguka, na wakati huohuo nikasikia *tik*.

Mguu ulitoka. Papa Mukalay alikaa anausugua, anamshukuru Mungu na mama yangu mzazi. Mimi nilipiga magoti kwenye majani natafuta kipande cha ncha, chenye urefu wa kucha, na sikukipata. Machozi yalinitoka. Alipoyaona alinyamaza kwa mara ya kwanza tangu kivukoni. Kisha akaukunja ule waya, akautia mfukoni.

"Nitaweka kwa breki," akasema kwa sauti ndogo, kama anayeomba radhi.

Kahongo

Niliingia uani kwa Yaya nasukuma baiskeli, Papa Mukalay anachechemea nyuma. Watu wa bwana arusi walikuwa wamekaa upande mmoja, wetu upande mwingine. Mbuzi ameshachunwa, amelazwa juu ya majani ya ndizi. Yaya Kasongo alikuwa amesimama, na mkononi ameshika panga.

Amezeeka. Sikuwa tayari kwa jambo hilo. Nywele zake zimekuwa za Baba.

Sikusalimia kwanza. Nilifungua ngozi, nikakilaza kisu chini mbele ya miguu yake, nikarudi nyuma hatua moja. Alilitazama bapa. Wote walilitazama.

"Ncha iko wapi?" akauliza.

"Imevunjika, Yaya. Leo asubuhi."

"Miaka sita inakaa muzima kwako, inavunjika leo?"

Nikamweleza. Nilipofika kwenye mtego, Papa Mukalay akanyanyua suruali waone kifundo cha mguu, kisha, kwa sababu yeye ni mtu wa ushahidi, akatoa waya mfukoni na kuuinua juu.

"Mutego ya hatari kabisa," akawaambia watu. "Iko karibu na njia! Muntu mwenye kutega pale hana akili."

Yaya aliutazama waya. Akageukia mbuzi. Lakini mkewe, Mama Kyabu, alikuwa amesogea, akaushika, akaugeuza.

"Papa Kyabu," akasema, "hii si waya ya breki ya baiskeli yetu? Ile ulisema wezi waliiba?"

Kila mtu akageuka. Baiskeli ya Baba ilikuwa imeegemezwa ukutani, haina breki hata moja. Mtu mmoja wa upande wa bwana arusi akaanza kucheka, akajizuia, akashindwa.

"Mutego ni yangu," akasema Yaya.

Alichutama mbele ya kisu lakini hakukiokota bado. Aliniangalia kutoka pale chini.

"Mudogo yangu, ile siku ya treni, mimi njo nilikupatia mukononi. Nilijua tangu ile saa. Mimi muzaliwa wa kwanza, nilikosa mbele ya kaburi ya baba ambayo haijakauka. Nilisema weye uliiba juu nilikuwa na haya."

"Na mimi nilinyoosha mkono, Yaya," nikasema. "Tulikosa wawili."

Akakiokota. Alikipima mkononi, akapitisha kidole pale ncha ilipokuwa, akatikisa kichwa, na nikaona anatabasamu. Kisha akalitupa panga pembeni na kuanza kugawanya. Kisu kisicho na ncha hakiingii vizuri kwenye kiungo, basi alihangaika, nyama ikatoka imechanika chanika, na Mama Kyabu akamwambia kwamba hata fisi anakata vizuri zaidi. Paja la mbele alilitoa kwa shida kuliko yote. Aliita jina langu, na jina la Mama Feza, na majina ya watoto, hata wa mwisho ambaye hajawahi kumwona. Kumbe alikuwa anawajua wote. Alikuwa anawauliza wauza karanga.

Papa Mukalay naye alipewa ubavu, na waya wake akaachiwa.

Kurudi

Yaya alinisindikiza hadi Nyunzu, siku mbili kwa miguu, anasukuma baiskeli ya Baba isiyo na breki, na kwenye mitelemko tuliikamata wote wawili. Tulisema mambo ya miaka sita, mengine mara mbili.

Kituoni treni ilikuwa imekwisha piga honi. Kikapu cha nyama ya kukausha kilikuwa kimefungwa kwenye baiskeli kwa kamba, na kamba ikakataa kufunguka. Yaya akachomoa kisu. Mkono wake ukaanza kunijia, wangu ukaanza kumwendea, na wote wawili tukasimama hivyo, kama picha.

Tulicheka mpaka watu wakatutazama. Akainama, akakilaza chini kwenye changarawe, akarudi nyuma. Nikakiokota, nikakata kamba, nikakirudisha pale pale, nikaparamia treni na kikapu changu.

Nilitoa kichwa dirishani. Yaya alikuwa amesimama, mikono nyuma, kisu chini mbele yake. Hakukigusa. Alingoja magurudumu yaanze kuzunguka, akangoja behewa langu limpite, akahakikisha kwamba niko mbali kiasi ambacho hakuna mkono unaoweza kufika. Ndipo akainama akakiokota, akakiinua juu nikione, butu hivyo hivyo.